Shingo ya Odeta

Odeta hakuwa mtu wa kuangusha mkungu wa ndizi. Tangu aolewe na kuhamia Mwanza, kazi yake ilikuwa hiyo. Meli ya Bukoba ikitia nanga yuko bandarini, anachagua mikungu mibichi iliyokomaa, anaipakia kwenye mkokoteni hadi kwake Mabatini, anaivundika shimoni nyuma ya nyumba, na ikishaiva anaipeleka sokoni Kirumba. Kwa hiyo siku mkungu ulipomponyoka mbele ya wachuuzi wenzake, ukabingirika mpaka kwenye tope, hakuna aliyecheka. Wangecheka angefurahi. Waliitazama mikono yake ilivyokuwa ikitetemeka, kisha kila mmoja akajifanya ana shughuli mezani kwake.

Ilikuwa katika ile miaka ya tisini ambapo kampuni za watu binafsi zilianza kuingia Magu na Misungwi kununua pamba. Mume wake, Shimba, alikuwa amepunguzwa kazini, naye akapata bahati ya kuendesha lori la mnunuzi mmojawapo. Msimu ukianza alipotea wiki nzima, akirudi ana pamba mpaka kwenye nyusi. Kwa hiyo mambo yalipoanza, Odeta alikuwa peke yake na watoto, Rebeka aliyekuwa darasa la tano na Jonathan ambaye hajaanza shule.

Yalianza kwa joto. Upepo wa ziwani unavuma, watu wamejifunika khanga, yeye anatokwa na jasho. Kisha moyo. Alikuwa anaweza kukaa chini kuchambua mchele, moyo ukaenda mbio kama wa mtu aliyefukuzwa na fahali. Usiku hapati usingizi, mchana hatulii. Akawafokea watoto kwa jambo dogo, halafu akajificha jikoni kulia, asijue analia nini. Na akakonda. Kitenge alichokuwa akikifunga kwa shida sasa kilimzunguka mara mbili. Mashavu yakaingia ndani, macho yakatoka nje, akawa kama mtu aliyestushwa na jambo na mshtuko wenyewe haukwisha.

Miaka ile mtu akikonda Mwanza hakuulizwa anaumwa nini. Kila mtu alikuwa na jibu lake kabla ya swali. Na Odeta kwao ni Bukoba, ambako maradhi yale yalianza kufuta kaya nzima nzima kabla huku hawajajifunza kuyataja jina. Suzana, ambaye meza yake na ya Odeta sokoni zilikuwa zimegusana tangu zamani, aliisogeza yake pembeni, akisema anafuata kivuli. Wateja waliokuwa wakimwita "mama Rebeka, nichagulie ndizi za kisukari" wakaanza kumpita huku wakimsalimia haraka haraka.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuwa na la kuwabishia. Yeye mwenyewe aliamini. Kaka yake Venant alimfia mikononi huko kijijini kwao, naye ndiye aliyemwosha na kumgeuza kitandani mpaka mwisho. Aliijua safari ile tangu hatua ya kwanza. Kupimwa? Kwa nini akapimwe? Ili aambiwe kwa mdomo wa mtu mwingine kile anachokijua? Afadhali asijue kwa hakika, aendelee kuuza ndizi mpaka atakaposhindwa. Akaanza kumfundisha Rebeka kazi: jinsi ya kutandika majani makavu shimoni, jinsi ya kuingiza moshi bila kuunguza ndizi, jinsi ya kumkatalia mchuuzi mjanja. Mtoto akauliza, "Mama, unasafiri?" Odeta akamfokea anyamaze, kisha akamvuta na kumkumbatia mpaka mtoto akaogopa.

Habari haikai mjini. Ilipanda barabara ya Musoma ikafika Kisesa, nyumbani kwa wakwe zake. Asubuhi moja, Odeta akiwa anafagia uwanja, akamwona mama mkwe wake anakuja akipanda mawe ya Mabatini, kapu kichwani, fimbo mkononi. Alikuwa mjane mfupi, mkavu, mwenye maneno machache. Odeta alimwita mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama.

Ufagio ulimponyoka. Alijua kilichomleta. Amekuja kuchukua wajukuu.

"Shikamoo mayu."

"Marahaba, mwanangu." Mama mkwe akashusha kapu, akamtazama kuanzia miguuni hadi kichwani bila kuficha kwamba anamtazama. Kisha akasema, "Nimekuja na michembe ya viazi vitamu na karanga. Pika ugali, tule."

Wakala. Mayu alikula kidogo, kama wazee wanavyokula, akanawa. Odeta alikula ugali wake, akala na ulioachwa na Jonathan, akamaliza dagaa, akakomba sufuria. Alipoinua macho akaona mama mkwe anamwangalia vidole vinavyotetemeka juu ya sufuria. Aibu ikamshika.

"Nisamehe, mayu. Siku hizi sishibi."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze... tangu nianze kuumwa."

"Na unakula hivyo kila siku?"

"Kila siku. Saa nyingine naamka usiku kutafuta kiporo."

Mayu akajikuna kidevu. Alikuwa na mtoto mwingine wa kiume, Ngosha, mdogo wake Shimba. Alimzika, na baadaye akamzika mke wa Ngosha pembeni yake. Hakuwa akimtaja mara kwa mara, lakini siku hiyo alimtaja.

"Ngosha alishindwa na uji," alisema. "Uji mwepesi, wa kunywa. Kinywa kilijaa vidonda, kila funda nililomtia alilirudisha. Mke wake hivyo hivyo. Wewe unakula kama mtu aliyetoka kulima majaruba ya mpunga, na bado unakonda. Halafu njoo hapa." Akamvuta karibu, akatia kidole chini ya mkufu mwembamba wenye medali ambao Odeta alivalishwa alipopata komunyo ya kwanza. Kidole hakikupita. "Mtu akikonda, vya shingoni hulegea. Hiki chako kinakunyonga. Shingo yako imenenepa, wewe umekonda. Hicho ni nini?"

"Sijui, mayu."

"Hata mimi sijui. Ila ile ninayoijua si hii."

"Usinipe moyo bure."

"Sikupi moyo. Nakwambia kesho tunakwenda hospitali."

Shimba alirudi jioni ile, hata hajazima injini vizuri mama yake akamwambia. Alisimama mlangoni kofia mkononi, mrefu, mchovu, pamba zimemganda kwenye shati. Odeta alimngojea aseme la kuachana. Kwa miezi kadhaa mumewe alikuwa akija anamkwepa macho, analala upande wake wa ukuta kama gogo, na yeye alijua maana yake.

"Nitakwenda na nyinyi," Shimba alisema. Akakigeuza geuza kile kikofia. "Nipimwe na mimi."

Odeta akatambua, kwa mara ya kwanza, kwamba mwanamume yule hakuwa akimkimbia yeye. Alikuwa na woga wake mwenyewe aliouzungusha kwenye lori lile kutoka Magu hadi Misungwi. Hakumwuliza alikuwa akiogopa nini hasa. Alimsogezea kigoda, akamtengea maji ya kuoga.

Hospitali ilikuwa juu ya kilima, na foleni ilianza kabla jua halijapata joto. Kwanza walizungumza na mshauri, mama mpole aliyewaeleza maana ya kipimo na kuwauliza kama wako tayari. Wakatolewa damu wote wawili. Kisha Odeta akaingizwa kwa daktari. Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, mtu wa Shirati kule Mara, jina lake Adoyo. Mayu akaingia naye bila kuulizwa, akakaa kwenye benchi la ukutani.

"Unaumwa nini, mama?"

"Ugonjwa huu wa siku hizi," Odeta akajibu.

"Nani amekwambia?"

"Soko zima."

Daktari Adoyo akatabasamu, lakini hakucheka. "Soko halina maabara. Nyoosha mikono yako mbele. Tanua vidole." Akachukua karatasi nyeupe isiyo na kitu, akailaza juu ya vidole vilivyonyooshwa. Karatasi ikaanza kucheza, ikitoa mlio mdogo mkavu kama jani la mgomba kwenye upepo. Wote watatu wakaitazama.

Kisha akampa kikombe cha maji, akasimama nyuma yake, akaweka vidole vyake shingoni. "Meza. Tena." Akamtazama macho, akamwambia afuate kalamu inavyoshuka. Akaweka chombo cha kusikilizia si kifuani tu bali na shingoni, akafumba macho akisikiliza, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyesikia anachokitafuta. Akauliza maswali: joto, usingizi, njaa, choo, siku zake za mwezi. Odeta akasema hizo zilikuwa zimekatika, akadhani ni kukonda.

"Nitachukua damu nyingine, ya kupima kitu kingine. Hiyo itapelekwa Dar es Salaam, itachelewa," daktari akasema. "Sitakuahidi neno kabla sijaona majibu ya ile ya kwanza. Nitakupa vidonge vya kuutuliza moyo usikuchoshe. Na ukirudi nyumbani, acha kujizika."

Siku za kungoja zilikuwa ndefu. Vile vidonge vilimpunguzia mtetemeko, na jambo hilo lilimtia Odeta hofu mpya, maana sasa alikuwa ameanza kutumaini, na mwenye tumaini ana cha kunyang'anywa. Shimba hakurudi Magu. Alimwomba bosi wake ruhusa, akakaa nyumbani akirekebisha vitu ambavyo havikuwa vimeharibika. Alikaza misumari ya mlango, akapanga upya mawe ya ngazi. Usiku walilala uso kwa uso.

Siku ya majibu waliitwa pamoja. Mshauri alifunga mlango, akakaa, akafungua bahasha mbili. Odeta alikuwa akitazama mdomo wake, si karatasi.

"Damu zenu hazina virusi," alisema. "Wote wawili. Tutawaomba mrudi baada ya miezi michache tuhakikishe, lakini leo majibu ni haya."

"Rudia," Odeta akasema.

"Hamna virusi, mama."

"Nani?"

"Wewe na mume wako."

Odeta akamwomba arudie tena, kwa Kiswahili cha polepole, na yule mama akarudia, mara hii na yeye akiwa anacheka. Shimba aliinuka, akatoka nje bila kuaga. Odeta alimkuta nyuma ya jengo, ameegemea ukuta mikono usoni, mabega yakitikisika. Mayu, aliyekuwa akingoja pale nje, alifikiri ni msiba, akaanza kupiga yowe. Odeta akamrukia na kumziba mdomo. "Ni mzima, mayu! Wote wazima! Analia tu!" Basi wakabaki pale wanawake wawili wameshikana, Shimba analia, yowe la Mayu limegeuka kuwa kigelegele chembamba, na wagonjwa kwenye foleni wakanyoosha shingo kutazama ni akina nani hao wanaoshangilia hospitalini.

Ndipo wakaingia kwa Daktari Adoyo, wote watatu, macho mekundu.

"Sasa tunaweza kuzungumza," daktari akasema, na yeye akionekana kama aliyetua mzigo. Akagusa shingo yake mwenyewe. "Hapa mbele ya koo kuna tezi, imekaa kama kipepeo aliyekunjua mbawa. Ikivimba, wengine huiita rovu. Kazi yake ni kutengeneza homoni. Homoni ni ujumbe. Tezi inauachia kwenye damu, damu inauzungusha mwilini, na kila kiungo kinachohusika kinausikia. Ujumbe huu wa shingoni unauambia mwili uende kwa kasi gani. Ukiwa mdogo, mtu anahisi baridi, ananenepa, anasinzia mchana. Wako umezidi. Mwili wako unaambiwa kimbia, kimbia, hata ukiwa umelala."

"Ndiyo maana sishibi?"

"Chakula kinaungua kabla hakijakaa mwilini. Na moyo unakimbia kwa sababu umeambiwa ukimbie."

"Ameupata wapi?" Shimba akauliza kwa sauti ya chini.

"Hakuupata kwa mtu. Ile kinga ya mwili ambayo ingepigana na maradhi imepotea njia, inaichochea tezi ifanye kazi kupita kiasi. Kwa nini imemtokea yeye na si jirani yake, sijui. Lakini si laana, si uchafu, hakuambukizwa na hatamwambukiza mtu."

Odeta alikuwa anafikiri. Tezi isiyojaza kiganja, na kilichomo ndani ya damu hata hakionekani kwa macho, ndicho kilichomfikisha mahali pa kumgawia binti yake urithi. Kisha akasema, kama anayejisemea, "Ni kama ndizi."

"Ndizi?"

"Mimi navundika ndizi, daktari. Shimo likichelewa, naweka ndizi mbivu moja katikati ya mbichi. Moja tu. Nafunika. Nikifunua zote zimeiva. Nilikuwa nikidhani ni joto lake."

Daktari Adoyo akaweka kalamu chini. Sura yake ikachangamka. "Si joto. Ndizi mbivu inatoa hewa, huwezi kuiona. Hewa hiyo ni homoni ya mmea. Zile mbichi zikiipata, zimeambiwa: iveni. Nazo zikianza kuiva zinatoa yao, zinaambizana."

"Na moshi ninaotia?"

"Moshi wa majani una hewa hiyo hiyo ndani yake. Waliotangulia walijua inafanya kazi, ingawa hawakujua jina."

"Mimea haina damu," Mayu akaingilia kutoka kwenye benchi, kama mtu aliyemkamata mwenzake anadanganya.

"Haina, mama. Haina damu, haina moyo, lakini homoni inazo. Umewahi kuona mche wa mahindi uliootea ndani, karibu na dirisha?"

"Unainama kufuata nje."

"Homoni inajikusanya upande wa kivuli, upande ule unarefuka kuliko wa pili, mche unapinda kuelekea kwenye mwanga. Hata zile dawa za kunyunyiza zinazoua magugu na kuacha mpunga, baadhi yake ni homoni za kutengenezwa. Gugu linaambiwa likue, likue kwa fujo, kuliko uwezo wake, mpaka linajimaliza lenyewe."

Mayu akageuka, akamtazama mkwewe aliyebaki mifupa. "Kama huyu."

Odeta ndiye aliyeangua kicheko kwanza, na wengine wakamfuata. Alikuwa hajasikia kicheko chake mwenyewe kwa muda mrefu, akakistukia.

"Karibu hivyo hivyo," daktari akasema. "Ila huyu hatutamwacha. Na msiichukie homoni. Bila hiyo ya shingoni hakuna anayeishi. Wewe Odeta, ulipojifungua mtoto wako wa mwisho, ulipata shida?"

"Uchungu ulikatika. Wakanitundikia dripu, ukarudi."

"Kwenye dripu ile mlikuwa na homoni. Sindano ya kupanga uzazi ni homoni. Mwenye kisukari akijidunga sindano yake, ni homoni aliyopungukiwa. Kila kitu ni kiasi tu. Kwako kazi ni kupunguza." Akaandika dawa. "Hivi vidonge vinaizuia tezi isitengeneze nyingi. Haviondoi iliyokwisha kuingia kwenye damu, kwa hiyo usitegemee nafuu kesho. Itachukua wiki kadhaa, na dawa utaendelea nayo kwa mwaka na zaidi. Ukishikwa na homa na koo linauma, usiseme ni mafua, maana mara chache dawa hii hudhoofisha kinga ya mwili; njoo siku hiyo hiyo. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Na macho yatachelewa kurudi. Mengine hayarudi yote. Usinilaumu."

"Daktari," Odeta alisema, "mimi nilikuja hapa kuuliza nitakufa lini."

Dawa hazikuwepo hospitalini, lakini siku hizo maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yameota mjini kama uyoga, na Shimba alizunguka moja baada ya jingine mpaka akazipata katika duka dogo upande wa Makoroboi. Alizileta zimefungwa kwenye leso kama vito. Mayu hakurudi Kisesa. Alijitwika kazi ya kumkumbusha mkwewe vidonge, na akaifanya kwa ukali uleule aliochungia ng'ombe.

Wiki za mwanzo hazikuleta kitu, na Odeta akaanza tena kukata tamaa. Halafu adhuhuri moja alikuwa ameketi kwenye kizingiti anamenya viazi, akahisi kuna kitu kimekosekana, kama pale mashine ya kusaga ya jirani inapozimwa na ndipo unapojua ilikuwa ikikupigia kelele. Akaweka kisu chini. Akajisikiliza. Moyo wake ulikuwa umetulia, haumpigi masikioni. Ulikuwa unafanya kazi yake huko ndani kimya kimya kama mioyo ya watu wengine. Alikaa pale hakumenya tena, akihofia akijitikisa utaanza. Haukuanza.

Majibu ya Dar es Salaam yalipokuja, yalisema lile ambalo mikono ya Daktari Adoyo ilikwisha kulisema. Wakati huo Odeta alikuwa ameanza kujaza nguo. Nyumba nayo ilipoa. Rebeka akivunja kikombe anasubiri kufokewa, mama yake anamwambia tu aokote vigae asijikate. Hedhi ikarudi. Shimba akarudi kwenye lori lake, akiondoka anaimba.

Sokoni hakutangaza kitu. Shimba alitaka aende naye akawaambie wale wanawake mbele ya watu wote, yeye akakataa. Alipanga ndizi zake kama kawaida. Ni Suzana aliyekuja mwenyewe, akajizungusha zungusha, akashika kichana hiki akaacha kile.

"Dada Odeta, nasikia ni rovu."

"Ni tezi. Homoni zilizidi."

"Linaambukiza?"

"Lingekuwa linaambukiza ungekuwa nalo. Umekula ndizi zangu tangu Rebeka hajazaliwa."

Suzana akatazama chini. "Tulisema mengi."

"Najua. Hata mimi niliyasema, moyoni." Odeta akamkatia ndizi mbili. Kesho yake meza ya Suzana ilikuwa imerudi mahali pake, na hakuna aliyetaja habari za kivuli. Wengine waliendelea kunong'ona, wakasema hospitali imemficha, wakasema ni dawa za Wazungu zinamnenepesha kwa muda. Hakuwajibu. Mashavu yake yaliwajibu polepole.

Lakini furaha yake haikuwa safi yote. Kuna siku alikuwa anameza kidonge, akamkumbuka Venant, ambaye hakuna karatasi iliyochezeshwa juu ya vidole vyake ikaleta jina jingine. Kwa nini yeye na si Venant? Aliliweka swali hilo mbele ya Mungu kanisani, na halikujibiwa. Alichofanya ni hiki. Mtaani kwao, chini ya majabali, kulikuwa na mama mmoja kijana, Akelo, aliyekuwa akiumwa ugonjwa ule wenyewe, na watu walikuwa wamekoma kupita mlangoni kwake. Odeta, aliyekuwa amekoma kama wao, alikwenda na ndizi zilizoiva sana, laini, za kumenywa na kupondwa kwa kijiko. Akamlisha. Akelo alimtazama akauliza, "Huniogopi?"

"Mimi nimeogopa mpaka woga umekwisha," Odeta akamjibu.

Mvua za vuli zilipoanza kudondoka, Mayu akasema anakwenda kwake, mpunga haujipandi. Shimba alimpakia kwenye lori lililokuwa likienda Magu bila mzigo, amshushe Kisesa. Mama mkwe alipanda kwa shida, akakataa kusukumwa, akakaa karibu na dirisha na kapu lake tupu mapajani. Odeta akamwekea kichana cha ndizi ndani ya kapu.

"Vidonge," Mayu akasema.

"Nitameza, mayu."

"Asubuhi."

"Asubuhi, mayu."

"Nikija Krismasi nisiyaone hayo mafupa ya mabega."

Akanyoosha mkono kupitia dirishani, akamshika shavu, akalivuta kidogo kama anayekagua ngozi ya ndama, akaridhika, akamwambia mwanawe atie moto. Lori likateremka taratibu kati ya mawe, likashika barabara ya Musoma. Odeta akarudi ndani. Mvua ilikuwa inaanza kugonga bati, watoto wanacheza barazani, na hapakuwa na jambo lolote la haraka. Akajinyoosha kitandani kidogo tu, kama alivyodhani, akashikwa na usingizi mzito, na hakuamka mpaka Rebeka alipokuja kumwambia chakula tayari.